Bei ya Kifuko Kimoja, Bei ya Siku 540

MUUGUZI: Karibuni tena katika kipindi chetu kutoka Kampala. Mwalimu, leo tuzungumzie familia yenye kipato kidogo: iko tayari kulipa kiasi gani kwa kile kifuko cha gramu 20 cha karanga na mafuta, kilichotiwa vitamini na madini, ambacho mtoto wa miezi 6 hadi 24 huchanganyiwa katika uji?

MWALIMU: Jibu hutegemea namna ulivyouliza, dada. Ukimwendea mama na daftari mkononi, atakutajia bei ya heshima, kwa kuwa hakuna apendaye kuonekana anamnyima mwanawe. Ndiyo maana wachumi humtaka ataje bei yake ya juu kabisa, kisha huchomoa karatasi yenye bei nyingine. Ikiwa imezidi aliyoitaja, hanunui, na ikiwa haikuzidi, analipa hiyo iliyochomolewa, papo hapo, kwa fedha zake. Hapo kudanganya hakumfaidii kitu.

MUUGUZI: Tofauti hiyo ya maneno na fedha ilionekana hapa kwetu kwenye viazi lishe.

MWALIMU: Ndiyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waliojibu kwa maneno matupu walitaja bei kubwa kuliko walionunua kweli. Lililonivutia zaidi ni kwamba wasioelezwa habari za lishe hawakuvithamini viazi vya rangi ya chungwa kuliko vyeupe, ilhali walioelezwa walikubali kuongeza bei.

MUUGUZI: Maelezo yana nguvu, nakubali, lakini kiazi kinashibisha. Kifuko hakishibishi, na udumavu kinaolenga kuuzuia, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, hauna homa wala kikohozi. Uchunguzi wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wetu walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Sasa mama anayemwona mwanawe akilingana kimo na wa jirani, atajuaje kwamba kuna kitu cha kutibiwa?

MWALIMU: Tena kutoka miezi 6 hadi 24 ni miezi 18, siku zipatazo 540, na kila siku kifuko kimoja. Tuseme kifuko ni shilingi 500, na huo ni mfano wangu tu: jumla ni shilingi 270,000. Anayekubali bei ya kifuko kimoja mbele ya mtafiti hajakubali jumla hiyo. Isitoshe, mara nyingi mama ndiye aliyesikia mafunzo kliniki, na fedha za mauzo ya kahawa ziko kwa baba.

MUUGUZI: Basi vitolewe bure?

MWALIMU: Nchini Kenya, vyandarua vya wajawazito vilipopandishwa kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliovichukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, na walionunua hawakuvitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Ushahidi huo ni mzito. Lakini chandarua hutolewa mara moja, kifuko ni cha kila siku, na mwenye kulipia bure hiyo lazima apatikane kila mwaka wa bajeti.

MUUGUZI: Nami nawaona akina mama wakikilinganisha na kitobero, ule mchanganyiko wa vyakula tunaowafundisha. Fedha ya kifuko ni fedha ya mukene, yaani dagaa, au ya yai. Mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama kifuko kimoja kinaweza kugawanywa kwa watoto wawili.

MWALIMU: Ukamjibu nini?

MUUGUZI: Nilimwambia dozi ni ya mtoto mmoja. Akanunua kimoja, akaondoka, na sikuwa na haja ya kumuuliza atakigawa vipi.