Usiku Mmoja Ubavuni mwa Ol Doinyo Lengai

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mkisikia sauti ya Baraka imekwaruza leo, ni vumbi la Lengai hilo, ile volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania. Pole na safari, kaka.

BARAKA: Nimeshapoa, dada. Tulikuwa watu tisa kutoka Arusha, mwezi Julai, kiangazi kimeshika kwelikweli. Tulifikia Engare Sero, kijiji cha karibu na mlima. Saa nne na nusu usiku tukaamshwa, tukanywa chai, na saa sita tukaanza kupanda.

REHEMA: Kwa nini usiku?

BARAKA: Hakuna mti wa kukupa kivuli kule. Jua la bonde la Ziwa Natron likishapanda, ule mlima ni kikaango. Kilele ni mita 2,962, na watu wakisikia hivyo huku wanaijua Kilimanjaro, wanaudharau. Wanakosea sana. Njia haizunguki, inakwenda juu moja kwa moja. Mguu unazama kwenye majivu hadi kifundoni, na yakiisha majivu unakuta mwamba mtupu, unatambaa kwa mikono. Njooni na glavu, nawasihi.

REHEMA: Mlifika wote?

BARAKA: Saba. Kama saa tisa hivi, mwenzetu mmoja aliishiwa maji, misuli ya mapaja ikakaza. Rafiki yake akasema, "Nashuka naye." Huyo alidunduliza mwaka mzima kwa ajili ya safari hii, na hakufikiria mara mbili. Mmoja wa waongozaji wetu wawili, vijana wa Kimaasai, akawashusha polepole. Tukabaki tunaangalia tochi tatu zinapungua kule chini.

REHEMA: Inauma.

BARAKA: Sana. Tulipanda kimya baada ya hapo. Harufu ya kiberiti ikaanza, halafu sauti, kama mawimbi yanapiga mwamba, na bahari iko mbali. Tukakaa ukingoni mwa kreta, lile shimo la kileleni, tukingoja kupambazuke. Kulipokucha, Rehema, nikaiona lava. Nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gereji.

REHEMA: Si nyekundu?

BARAKA: Haina moto wa kutosha kuwaka hivyo. Ina nyuzi kati ya 500 na 600 tu, wakati ya Nyiragongo, volkano ya kule Kongo, inapita 1,000. Ikipoa na kukutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ndiyo maana ukiwa mbali unaweza kudhani kilele kina theluji. Imejaa kabonati ya sodiamu.

REHEMA: Subiri. Hiyo si ndiyo magadi?

BARAKA: Magadi ni hiyo hiyo kwa sehemu kubwa! Haya tunayotilia maharage yaive upesi. Mvua inaosha mlima, maji yanateremka Natron, na ziwa linakuwa kali, halafu heroe wanazaliana humo. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hii. Iko kwetu, na mimi nimesoma shule zote hapa nchini sikuwahi kuambiwa.

REHEMA: Na Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu.

BARAKA: Ndiyo, wanakwenda kuomba pale. Mwongozaji alituomba tukae kimya kidogo kabla ya kupiga picha. Alikuwa mtoto mlima ulipolipuka mwaka 2007. Anasema zamani kreta ilijaa lava hadi ukingoni, watu wakitembea juu yake. Mlipuko ule ukaichimba, sasa ni shimo refu lenye kuta wima. Usisogelee ukingo.

REHEMA: Kushuka je?

BARAKA: Kushuka ndiyo kazi yenyewe. Mwanga ukakuonyesha makorongo kushoto na kulia uliyopita gizani bila kujua. Magoti yalitetemeka hadi chini. Bebeni maji lita tatu, na moja muiweke ya kushukia.

REHEMA: Na wale wawili?

BARAKA: Tuliwakuta kambini wameshachemsha chai. Yule aliyekaza misuli aliuliza kitu kimoja tu: "Ni kweli inageuka nyeupe?" Nikavua viatu nikampa avishike.