Kuovakloki prosesa ya desktopu: kupandisha ni dakika tano, kupima ni usiku kucha

Karibuni tena. Hii mnayoiona mezani ni Core i7-8700K, prosesa ya mwaka 2017, viini 6, yaani vitengo sita vya kukokotoa, na nyuzi 12, yaani kazi kumi na mbili kwa wakati mmoja. Viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja, kiwandani imepangiwa kukimbia gigahezi 4.3. Leo tunaipeleka 4.8, na huko kuikimbiza kupita ilivyopangiwa kiwandani ndiko kuovakloki. Na nikisema tunaipeleka, simaanishi kuandika namba kwenye BIOS (ile programu ya mipangilio inayowaka kabla ya Windows), kuwasha Windows na kupiga picha ya skrini. Hilo hata mtoto analiweza. Namaanisha ikae hapo, ifanye kazi nzito, isikosee.

Tuwekane sawa mapema. Kutoka 4.3 hadi 4.8 ni nyongeza ya asilimia 11 na ushei. Kazi iliyokuwa inakula saa nzima itaisha kwa dakika 54 hivi. Kama dakika sita hizo hazikusaidii kitu, acha prosesa yako ilivyo, hujapungukiwa.

Uko bado? Twende.

Kwanza hakikisha prosesa yako inafunguka, yaani inaruhusu kupandishwa kasi. Kwa Intel, angalia herufi K mwishoni mwa jina, kisha angalia mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta: chipseti yake, chipu inayoiongoza bodi hiyo, iwe ya herufi Z. Kwa AMD, Ryzen nyingi ziko wazi, ila mazabodi za A320 haziruhusu, na Ryzen 7 5800X3D kizidishi chake, ile namba inayoipangia kasi, kimefungwa. Ya laptopu tusiizungumzie kabisa, haina pa kupitishia joto lote hilo.

Sasa sasisha BIOS kabla ya kugusa chochote. Kama una Intel ya kizazi cha 13 au cha 14, hili si ombi. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilieleza kwamba volteji kubwa kupita kiasi ilikuwa inaziyumbisha baadhi ya prosesa hizo, na mwezi Agosti ikatoa maikrokodi, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, inayoziwekea kikomo cha volti 1.55. Maikrokodi hiyo inakuja ndani ya BIOS mpya. Ukiovakloki juu ya BIOS ya zamani unaongeza kuni kwenye nyumba inayoungua.

Fungua kasha. Tafuta jampa ya kufuta CMOS (kumbukumbu inayotunza mipangilio ya BIOS), zile pini mbili au tatu ndogo, mara nyingi karibu na betri bapa ya CR2032. Iangalie sasa hivi, ukiwa umetulia, uijue ilipo. Utanishukuru skrini itakapokuwa nyeusi saa sita usiku. Ukiwa humo ndani, futa vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kipoza joto. Kama pesti ya kupozea ina miaka, ifute, weka mpya. Na faili zako za maana zihamishie diski nyingine. Sababu yake nitakuja kuisema.

Haya, kipimo cha mwanzo. Tunahitaji programu tatu: HWiNFO64 ya kusoma joto na volteji, Cinebench R23 ya mzigo wa kwanza, na Prime95 ya kutafutia makosa. Fungua HWiNFO64, chagua sehemu ya sensa peke yake. Una safu nne pale: ya sasa hivi, ya chini kabisa, ya juu kabisa, na wastani. Macho yako yaishi kwenye safu ya juu kabisa. Washa Cinebench kwa dakika kumi, ndivyo ilivyopangwa yenyewe. Ikimaliza, andika kwenye karatasi: alama uliyopata, joto la kiini kilichochemka kuliko wenzake, volteji, na joto la chumba. Ndiyo, la chumba pia. Nyuzijoto 70 za prosesa kwenye chumba cha baridi na nyuzijoto 70 kwenye chumba cha joto si kitu kimoja, na usipoandika utajidanganya mwezi ujao.

Angalia pia tofauti kati ya viini. Kupishana nyuzi tano, hata kumi, ni kawaida. Kikiwepo kimoja kinachowazidi wenzake kwa nyuzi 20, kipoza hakijakaa sawasawa. Kifungue, ukiweke upya, upime tena. Usiendelee mbele ukiwa na tatizo hilo.

Ingia BIOS. Washa upya kompyuta huku unagonga kitufe cha Delete, au F2, kutegemea mazabodi. Kwanza zima XMP, yaani ule mpangilio unaokimbiza RAM. Utaurudisha baadaye. Tukiipandisha RAM na prosesa kwa wakati mmoja halafu mashine ikaanguka, tutamlaumu nani?

Kasi ya prosesa ni hesabu ya kuzidisha: saa ya msingi, ambayo ni megahezi 100, mara kizidishi. Kizidishi 43 kinakupa gigahezi 4.3. Saa ya msingi iache hapo hapo kwenye 100. Tafuta palipoandikwa "CPU Core Ratio", chagua viini vyote vifuatane, andika 46. Volteji ya prosesa iondoe kwenye kujiendesha yenyewe, iweke thabiti kwenye 1.25. Kujiendesha kuna raha yake, lakini mazabodi nyingi zikiona umepandisha kizidishi humimina volteji kwa ukarimu usiouhitaji, na bili ya ukarimu huo hulipwa na kipoza.

Kuna mpangilio mmoja hapa watu wengi huupita bila kuuelewa, unaitwa LLC, yaani "Load-Line Calibration". Mzigo ukiingia, volteji inayofika kwenye prosesa hushuka kidogo chini ya ile uliyoandika. Kushuka huko kumewekwa makusudi, si ubovu. LLC hupunguza kushuka huko. Ukiiweka kali mno, volteji haishuki kabisa mzigo ukiwepo, lakini mzigo unapoachiwa ghafla hurusha kichwa juu kwa muda mfupi sana, mfupi kiasi kwamba HWiNFO64 haitakuonyesha. Kwa hiyo chagua ya kati. Na usome kitabu cha mazabodi yako, kwa sababu kwa watengenezaji wengine ngazi ya 1 ndiyo kali kabisa na kwa wengine ndiyo laini kabisa. Mtu akikwambia "weka 6" bila kuuliza mazabodi yako ni ya nani, mwache apite.

Hifadhi, toka. Windows imewaka. Cinebench dakika kumi, HWiNFO64 pembeni. Imepita? Rudi BIOS, weka 47. Imepita? 48. Unapanda kizidishi kimoja kimoja, volteji ile ile, mpaka igome. Kugoma kuna sura nyingi: kuganda, kujiwasha upya, skrini ya bluu yenye maneno kama WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Hiyo ya pili kwangu karibu kila mara imemaanisha kiini kimekosa volteji.

Ikigoma, ongeza volteji kwa 0.01, au 0.02 ukiwa huna subira, kisha rudia. Hii ya mezani ilishika 47 kwa volti 1.25. Kwa 48 ilitaka 1.30. Kwa 49 ilitaka 1.35, na bado ilikuwa inayumba. Yako itataka yake. Prosesa mbili za jina moja, zilizotoka kwenye boksi moja, hazifanani hata kidogo, kwa hiyo namba zangu usizinakili.

Sasa tazama vizuri, hapa ndipo mtu mwenye busara husimama. Joto linalotokana na kazi ya prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka volti 1.25 kwenye 4.6 hadi volti 1.35 kwenye 4.9 umeongeza kasi kwa asilimia 6 na nusu, na umeongeza nguvu inayogeuka joto kwa asilimia 24 hivi. Biashara gani hiyo? Mimi kwa prosesa hii sivuki 1.35, na gigahezi 4.9 nimeiacha ikae huko huko. Tunarudi 48 na 1.30.

Ikitokea skrini imebaki nyeusi na feni zinazunguka tu, subiri kidogo. Mazabodi nyingi hujaribu mara mbili tatu kisha hujirudisha zenyewe kwenye mpangilio salama. Isipojirudi: zima, chomoa waya wa umeme, gusanisha pini za ile jampa kwa sekunde chache, au toa betri ya CR2032 kwa dakika kadhaa. Hakuna kilichoungua. Umefuta tu mipangilio.

Tuje kwenye upimaji wenyewe. Niwape kisa changu. Niliwahi kupandisha mashine yangu, nikaipima dakika kumi, nikaridhika. Siku ya tatu nikakusanya picha za miaka kadhaa kwenye faili moja la zip. Likakamilika vizuri, hakuna onyo, hakuna bluu. Nilipokuja kulifungua, likagoma: limeharibika. Mashine haikuanguka hata mara moja. Ilikosea hesabu na ikanyamaza. Ndiyo sababu nilisema hamisheni faili kwanza, na ndiyo sababu siamini mtu anayesema "yangu iko imara, haijawahi kuzima."

Prime95 ni dawa ya uongo huo. Ni programu ya mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa, na ndani yake kuna jaribio la mateso linalofanya hesabu zenye majibu yanayojulikana. Prosesa ikikosea, hata kidogo, inakamatwa. Chagua "Small FFTs", na kwa duru ya kwanza zima AVX kwenye dirisha hilo hilo. AVX ni maagizo mazito yanayochemsha prosesa kuliko kazi nyingi za kila siku. Iache saa moja. Ukiona mstari unaosema "Rounding was 0.5, expected less than 0.4", kiini hicho kimekosea. Ongeza volteji 0.01 au shusha kizidishi, anza upya. Usiseme ni kosa moja tu.

Joto lisomwe wakati gani? Si dakika ya kwanza. Kipoza cha feni hutulia haraka, lakini cha maji huchukua nusu saa hivi mpaka maji yenyewe yapate moto, na ndipo namba ya kweli inapotokea. Prosesa hii hujipunguza kasi yenyewe ikifika nyuzi 100. Mimi nataka mateso ya Prime95 yasivuke 85, ili kazi za kawaida zibaki chini ya 75. Ikivuka, nashusha volteji na kasi pamoja, sisubiri ijipunguze. Wenye Ryzen za 7000 msishtuke mkiona 95. Hizo zimeundwa kulifikia joto hilo na kukaa hapo, na kwenu kazi haiko kwenye kizidishi bali kwenye Curve Optimizer, ambayo hupunguza volteji kiini kwa kiini. Nayo ina tabia yake mbaya: mara nyingi huanguka mashine ikiwa haina kazi.

Baada ya saa hiyo, washa AVX na upime tena dakika 20. Kama joto linaruka mno, BIOS ina mpangilio wa kuishusha kasi AVX inapotumika: andika 2, na 48 yako inakuwa 46 kwa muda huo tu. Halafu chagua "Blend", ambayo inaigusa na RAM, iwashe, kalale.

Asubuhi, kabla ya kufunga, shuka chini kabisa kwenye HWiNFO64 uangalie hesabu ya makosa ya WHEA, yaani makosa ya maunzi ambayo Windows huyarekodi. Inatakiwa iwe sifuri. Moja si sifuri. Fungua pia kitazama matukio cha Windows utafute WHEA-Logger namba 19. Hayo ni makosa ambayo prosesa iliyakosea kisha ikajisahihisha, na leo imejisahihisha, kesho haitawahi.

Kuna jaribio moja la mwisho ambalo halitumii programu yoyote. Ilaze mashine, iamshe. Izime usiku, iwashe asubuhi ikiwa baridi. Iache saa mbili bila kazi, kisha fungua video, fungua kivinjari, cheza gemu. Kuna mashine zinazovumilia Prime95 usiku mzima halafu zinazimika mtu akiwa anasoma barua pepe, kwa sababu kasi na volteji zinapanda na kushuka haraka mzigo ukiwa mwepesi.

Ya mezani imekaa wiki nzima kwenye 4.8, volti 1.30, nyuzi 81 kwenye Prime95 bila AVX, chumba kikiwa na nyuzi 24. Sasa ndipo ninapoirudisha XMP, na usiku mmoja zaidi wa "Blend", maana RAM ikikimbia inakipa kazi mpya kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa. Ikipita, hifadhi profaili kwenye BIOS. Na kurasa hizo zipige picha kwa simu, kwa sababu siku utakayosasisha BIOS, profaili huwa inafutika.