Neno Lililotoka Mkononi Likaingia Tumboni

Mabibi na mabwana, neno la leo, "gripe" la Kiingereza, wengi wetu tulilikuta nyumbani kabla hatujaenda shule, maana lilikuwa limeandikwa kwenye chupa. Mtoto akilia usiku, miguu kaikunja, tumbo limejaa gesi, mama anatafuta kijiko na ile chupa ya "gripe water". Dawa yenyewe ilianzia Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, kwa William Woodward. Alichanganya maji, sukari, magadi soda, mafuta ya viungo na, msishtuke, pombe kidogo. Mtoto alinyamaza, ndiyo. Kwa nini alinyamaza, hilo nawaachia madaktari.

Basi, "gripe" ya kwenye chupa ni msokoto wa tumbo. Lakini ukimwuliza Mwingereza wa leo, wa kwanza utakayekutana naye njiani, atakwambia ni kunung'unika. Imekuwaje?

Turudi nyuma. Katika Kiingereza cha kale "grīpan" ni kukamata, kushika kwa nguvu. Mjerumani mpaka leo anasema "greifen". Shakespeare naye analo: katika tamthilia yake, mfalme Macbeth analalamika kwamba wachawi wamempa ufalme usio na mrithi, wakamtia fimbo tasa "in my gripe", yaani mkononi mwake. Hapo bado hakuna tumbo wala manung'uniko, ni vidole vimefumbata kitu. Baadaye mkono ule ukaingia ndani ya mwili: maumivu yanayoukamata utumbo na kuukamua. Sisi tunasema tumbo linanikata, linanisokota. Wao waliona kiganja.

Maana ya kunung'unika ni changa kabisa. Ilishika kasi Marekani miaka ya 1930, katika lugha ya mtaani. Wamarekani walishakuwa na mazoea hayo, kwani tangu karne ya 19 mtu anayelalama ovyo walimwita mwenye maumivu ya tumbo.

Mtu atauliza, si walikuwa na "complain"? Walikuwa nalo. Hilo lilipitia Ufaransa likitokea Kilatini, "plangere", kupiga, na hasa kujipiga kifua msibani. Ni neno lenye adabu zake, linakaa vizuri kwenye fomu ya ofisi na mbele ya hakimu. Lina mlalamikaji, lina mlalamikiwa, linangoja jibu. "Gripe" halingoji jibu. Ni chakula kibaya cha bweni, ni bosi anayepiga simu saa ya kutoka kazini. Unasema, wenzako wanaitikia, mnaendelea kula.

Na siku hizi limelegea zaidi. Mgeni anaisifu hoteli, kitanda safi, wahudumu wakarimu, kisha anamalizia: "my only gripe", taulo zilikuwa ndogo. Mwenye hoteli akiisoma hiyo anajua hajashtakiwa. Anaagiza taulo, au haagizi.