Nilimpisha Mtu Ambaye Hakuwepo

Haya ndugu zangu, habari za huko? Leo sauti iko chini kidogo, narekodia chumbani na jirani yangu hulala mapema. Nina kisa, na kisa chenyewe ni cha aibu.

Juzi nilijitolea kwenye utafiti wa chuo kikuu kimoja huku niliko. Wakanivisha miwani ya uhalisia ulioongezwa, ile ambayo chumba unakiona kama kilivyo, ila wanakupachikia humo vitu visivyokuwepo. Mimi wakanipachikia mtu. Mtu wa kuchorwa na kompyuta, tena hakuchorwa vizuri, vidole vimegandana. Amekaa zake kwenye kiti, mimi natakiwa nipite mbele yake. Jamani, nilijibana ukutani, nikainama, nikasema, "Samahani, napita." Kijana wa maabara wala hakucheka. Aliandika tu kitu kwenye karatasi yake.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, nijue kama ni mimi tu. Kumbe tuko wengi! Stanford, kule Marekani, kuna maabara ambayo Profesa Jeremy Bailenson aliianzisha mwaka 2003, na kazi yao ndiyo hii: kuangalia watu wanavyoishi na wenzao ndani ya miwani. Mwaka 2019 walichapisha utafiti wa kiti. Mshiriki anamwona mtu wa bandia amekaa, kisha anaambiwa achague kiti akae. Waliobaki na miwani, hakuna hata mmoja aliyemkalia yule bandia. Sawa, hilo naliamini. Lakini wengine waliambiwa wavue miwani kwanza. Kiti kitupu, wanakiona ni kitupu. Asilimia 72 wakakikwepa vilevile!

Akili inajua ni picha, ila adabu haisubiri akili imalize kufikiri.

Na si adabu tu. Mwaka 2007 Bailenson na mtafiti mwenzake Nick Yee walichapisha jaribio la kugawana pesa ndani ya uhalisia pepe, yaani pale kila unachokiona kimechorwa na kompyuta, hata chumba. Ukipewa avata ndefu, yaani ule mwili wa kuchorwa unaokuwakilisha humo, unabana mgawo kama bosi. Ukipewa fupi, unakubali kupunjwa kirahisi zaidi. Urefu wako halisi haukuhusika. Mimi mfupi, mnanijua, kwa hiyo siku nikichagua avata msinishangae.

Sasa sisi wa ughaibuni tunaambiwa miwani hii ndiyo itakayotukalisha sebuleni kwenu. Ningependa sana. Lakini katika utafiti uleule wa 2019 waliwakalisha watu wawili wawili wapige soga, mmoja kavaa miwani, mwingine hana. Aliyevaa alijihisi yuko mbali na mwenzake, na wako chumba kimoja! Kwa hiyo mimi bado nina shaka.

Kilichoninyima usingizi lakini ni kingine. Mwaka 2020 maabara ileile ilichukua watu 511, ikawaonyesha video ndani ya miwani, ikarekodi kichwa na mikono inavyosogea. Basi. Hakuna sura, hakuna jina. Kwa data isiyofika dakika 5 ya kila mtu, kompyuta iliwatambua kwa usahihi wa asilimia 95. Yaani unavyogeuza shingo tu, umeshajulikana. Na mimi nilikaa na miwani nusu saa nzima, nikiinama na kuomba samahani!

Nikaitafuta ile fomu niliyosaini. Ukurasa wa tatu, herufi ndogo kweli kweli, wameandika kuwa jina langu halitahifadhiwa. Kuhusu shingo yangu, kimya. Nimewaandikia kuuliza. Wamenijibu kwamba swali ni zuri na kwamba watanijibu.

Alhamisi wananiita kipindi cha pili. Nitakwenda, na nimeapa kile kiti nitakikalia. Labda nimkute amekikalia yeye.