Zimekwenda Wapi Zile Sita? Kromosomu za Sato na Ndugu Zake

Ndugu wasikilizaji, tazameni picha hii. Vijiti hivi vya zambarau ni kromosomu, yaani vibeba urithi vilivyomo ndani ya seli, za sato, Oreochromis niloticus. Ukizihesabu ni 44. Hii ya pili ni ya Oreochromis karongae, mmoja wa samaki wanaoitwa chambo katika Ziwa Nyasa. Hapa zipo 38. Samaki wa jenasi moja, yaani ukoo mmoja wa karibu, na bado sita hazionekani.

Mtu akiishia kwenye hesabu atasema zimepotea. Mimi naomba tuangalie mikono. Kromosomu nyingi za sato zina sentromia, yaani kile kiungo kinachogawa kromosomu kuwa mikono miwili, karibu na ncha, kwa hiyo tunaona mkono mmoja tu. Kwa karongae kuna jozi tatu zenye mikono pande zote mbili, ambazo sato hana. Jozi sita za zamani zimeungana mbili mbili, zikawa tatu. Mzigo ni uleule, ila umefungwa upya.

Kuipata picha kama hii kunataka subira. Samaki hudungwa dawa iitwayo kolchisini ili seli zinazogawanyika zisimame katikati ya kazi. Seli za figo ya mbele huloweshwa kwenye maji yenye chumvi hafifu mpaka zivimbe, zikahifadhiwa kwa methanoli na asidi ya asetiki, kisha tone huangushwa juu ya kioo. Kromosomu mbili zikilaliana, jicho huona moja. Ndiyo maana sikubali hesabu ya seli moja au mbili. Nataka seli nyingi, za samaki zaidi ya mmoja.

Sasa geuza swali. Oreochromis aureus, ndugu mwingine wa sato, naye ana 44, sawasawa na sato, na kwa rangi ya kawaida ya maabara picha zao ni vigumu kuzitofautisha. Lakini tazama kromosomu za jinsia, zile zinazoamua dume au jike: kwa sato dume ndiye mwenye mbili tofauti, X na Y, na jike ana X mbili. Kwa aureus ni jike mwenye mbili tofauti, Z na W, na dume ana Z mbili. Wafugaji wanalijua jambo hili kwa vitendo: jike la sato likipandishwa na dume la aureus, vifaranga karibu wote huwa madume, na madume ndiyo yanayokua haraka. Tofauti kubwa kiasi hicho imekaa ndani ya hesabu ileile ya 44.