Sababu Mpya na Sababu Inayojulikana: Mhadhara Kuhusu Viunganishi vya Sababu katika Kiingereza

Habari za mchana, walimu wenzangu na wanafunzi. Nashukuru kwa kufika kwenu.

Leo nazungumzia maneno machache sana ya Kiingereza: because, since, as, for, pamoja na jamaa zao because of, due to na owing to. Mara nyingi maneno haya hupangwa safu moja, na mbele yake huandikwa maana moja tu, "kwa sababu", kana kwamba ukiokota lolote utakuwa umesema jambo lile lile. Naamini safu hiyo imewaponza wanafunzi wengi wenye bidii. Kiunganishi cha sababu hutaja sababu, ndiyo, lakini papo hapo humwambia msikilizaji kama sababu hiyo ni habari mpya kwake au ni jambo analolijua tayari. Hilo la pili ndilo nililolifuata hapa.

Tuanze na because. Mtu anakuuliza, "Why did you leave early?" Unajibu, "Because I was tired." Huwezi kujibu "Since I was tired", wala "As I was tired". Ukijibu hivyo, aliyeuliza atakaa akingoja sentensi iishe. Yeye sababu haijui, na ndiyo anayoitaka. Na because ndicho kiunganishi kinachopeleka sababu isiyojulikana. Ndiyo maana pia kinakubali maneno ya kukazia na kupunguza: only because, simply because, partly because. Kinakubali hata kuwekwa mbele ya jukwaa kabisa, kama katika "It was because he was ill that he resigned." Weka since au as mahali hapo, sentensi nzima inaanguka.

Since na as hubeba sababu ambayo msemaji na msikilizaji wote wanaiona. "Since you know the road, you should drive." Wewe mwenyewe unajua kwamba njia unaijua. Sikupi habari, nalichukua jambo hilo kama msingi, kisha juu yake naweka ninalotaka kusema. Kwa hiyo sababu hutangulia, na jambo jipya hufuata.

Sasa hapa nawaomba mjisikilize wenyewe. Mtu akisema, "Maadamu umefika, tuanze," je, anakujulisha kwamba umefika? La. Na akiulizwa, "Kwa nini uliondoka mapema?" hajibu, "Maadamu nilichoka." Sikio lenu linalikataa jibu hilo mara moja, bila kufungua kitabu. Kwa kuwa, kwa vile na maadamu, vikitangulia sentensi, vinakaribiana sana na since na as. Tofauti ninayowaeleza mnayo tangu utotoni. Kinachosikitisha ni kwamba tunapoingia darasa la Kiingereza tunaiacha mlangoni, tunaanza kukariri.

Since na as zina hatari yake, nayo ni kwamba zote mbili hubeba pia maana ya wakati. "As she was leaving, I gave her the keys." Nilimpa funguo alipokuwa akiondoka, au nilimpa kwa kuwa alikuwa anaondoka? Sentensi inaruhusu yote mawili. "Since he moved to the city, we have not seen him" nayo ni vivyo hivyo: tangu ahamie mjini, au kwa kuwa amehamia? Katika mazungumzo haidhuru. Katika mkataba, ripoti ya kitabibu au maelezo ya ushahidi, inadhuru sana. Huko andika because, hata kama sababu inajulikana na kila mtu.

For sitakaa nacho. Kinafanana na kwani yetu ya katikati ya sentensi: "She said nothing, for she had promised." Kishazi chake hakitangulii kamwe, huwezi kuandika "For she had promised, she said nothing" ukitaka maana hiyo. Ni kiunganishi cha maandishi ya kifasihi na ya zamani. Kitambueni mnapokisoma, katika barua ya kikazi kinasikika kimevaa kanzu ya sherehe siku ya kazi.

Kosa ninalokutana nalo zaidi katika madaftari ni kuchanganya because na because of. "Because of it was raining." "Because the rain, we stayed." Kinga yake iko katika herufi mbili za Kiswahili: ya. Husemi "kwa sababu ya mvua ilinyesha"; unasema "kwa sababu mvua ilinyesha" au "kwa sababu ya mvua". Penye kishazi chenye kitenzi chake, because. Penye nomino au kirai nomino, because of. Kila mahali Kiswahili kinapodai ya, Kiingereza kinadai of. Na nomino hiyo inaweza kuwa ya kitenzi, kama vile "because of his shouting", kwa sababu ya kupiga kelele kwake.

Due to na owing to hufuata njia hiyo hiyo ya nomino. Kuna kanuni ya zamani kwamba due to ikae baada ya kitenzi to be: "The delay was due to the storm." Kwingineko itumike owing to au because of. Waandishi wengi wa leo wameiacha kanuni hiyo, lakini wapo wahariri wanaoitunza bado, na kuifuata hakugharimu chochote. Jipime hivi: ukiweza kuweka caused by mahali pa due to na sentensi ikasimama, uko salama. Thanks to ihifadhiwe kwa matokeo mema; kwa mabaya huwa kejeli.

Kuna katazo moja ambalo ningependa lizikwe, kwamba sentensi isianze na because. "Because the bridge was closed, we took another road" ni sentensi safi kabisa. Kosa ni kukiacha kishazi tegemezi peke yake: "Because the bridge was closed." Ukaweka nukta, ukaondoka. Kama jibu la mdomo kinatosha. Katika insha hakitoshi. Na ukishaanza na because, usiongeze so katikati. Kiswahili huvumilia "Kwa kuwa daraja lilifungwa, basi tulipita kwingine." Kiingereza hutaka kiunganishi kimoja tu hapo.

Lugha hii inaendelea kusogea. Januari 2014, American Dialect Society, chama cha wachunguzi wa Kiingereza cha Marekani, kilichagua because kuwa neno la mwaka 2013, kwa kuwa watu walikuwa wamezoea kukibandika nomino au kivumishi moja kwa moja: "I'm late because traffic." Ni matumizi ya utani wa mtandaoni, na yana utamu wake. Msiyapeleke kwenye mtihani.

Nimeacha mwisho jambo linalohitaji subira zaidi, yaani because baada ya kukanusha. "I didn't take the job because the pay was good." Je, kazi niliikataa, na sababu ni mshahara mzuri? Au niliikubali, ila si kwa ajili ya mshahara? Kiswahili nacho kinateleza hapo hapo: "Sikwenda kwa sababu ya pesa." Pesa zilinikwamisha, au nilikwenda kwa jambo lingine? Anayezungumza huokolewa na sauti yake. Anayeandika hana sauti, hivyo sharti aipange sentensi upya. Kama ukanushi unagusa tendo, tanguliza sababu: "Because I was tired, I didn't go." Hapo hakuna wa kudhani kwamba ulikwenda. Kama ukanushi unagusa sababu yenyewe, utoe kwenye tendo uupeleke kwenye sababu: "I took the job, but not because the pay was good."