Ligi ya Mbuzi Ina Ubaya Gani?

Nimewasikia mlivyocheka. Mzungumzaji wa asubuhi aliposema tuachane na "ligi ya mbuzi", haya mashindano yetu ya kugombea mbuzi, tujenge michezo ya kisasa, nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Mimi sikupiga. Wanaonijua wanajua ninakoelekea: Ebernoe. Mtanivumilia, nitaisimulia tena.

Ebernoe ni kijiji kidogo cha West Sussex, kusini mwa Uingereza. Msifikirie majukwaa na taa. Barabara ya magari yenyewe imekatiza uwanjani. Sasa klabu yao ya kriketi ina siku moja ya kiangazi isiyoguswa, 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Huiita Gulio la Pembe. Wanaalika kijiji jirani, watu wanashika magongo (ya kupigia mpira, mzee pale nyuma asishtuke), na wakati mchezo unaendelea kuna kondoo anachomwa. Harufu ile, nawaambia, ndiyo tangazo. Nani atabaki nyumbani?

Mechi ikiisha, pembe za kondoo hukabidhiwa mchezaji wa timu iliyoshinda aliyepata mikimbio (ndizo pointi za kriketi) mingi kuliko wenzake. Pembe! Hakuna bahasha. Hakuna hundi ya karatasi pana kama mlango, ile mnayoshikana watu wanane kupiga picha.

Haya, hiyo ni nini kama si ligi ya mbuzi? Tena gulio hilo lilikuwa limezimika, wakalifufua mwaka 1864. Hesabuni wenyewe. Ligi yetu ya kata ina miaka mingapi? Mitatu, na mwaka wa pili haikufika fainali.

Najua kuna mtu ananung'unika: wale ni Wazungu, wana pesa. Pesa ya nini, bwana? Pembe zinauzwa shilingi ngapi sokoni? Hebu tuseme ukweli. Kwetu bingwa anaondoka na mbuzi mzima, kamba mkononi, anaimba. Aliyefungwa anarudi kwao na njaa, na njiani anaanza kumtafuta refa. Mwakani utamwalika, atakuja? Wenzetu nyama wanaila, na kinachobaki cha kugombea ni kitu ambacho hakiliki wala hakiuziki, ila mtu akikipata atakitundika ukutani na kuwasumbua wajukuu nacho mpaka afe. Mimi ningeipigania pembe hiyo kuliko mguu wa mbuzi.

Wala msidhani nawapigia debe kriketi. Mwaka 1975 timu ya Afrika Mashariki ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, ikapoteza mechi zake zote tatu, na vijijini kwetu hakuna aliyekosa usingizi. Chezeni soka, chezeni bao, vuteni kamba. Ninachotaka ni tarehe. Tarehe moja, isiyosubiri mfadhili wala mgeni rasmi. Mgeni rasmi akichelewa, mpira uanze; atakuta mifupa.

Nilikuwa na maneno pia juu ya waamuzi, na juu ya viwanja vinavyogeuzwa maegesho ya malori, lakini naona muda wote umeliwa na kondoo. Niulize moja tu. Katibu, mbuzi wa fainali ya mwaka jana, pembe zake ziko wapi?